Kimya cha Katikati

Mzee wa tatu alikufa Sikio lake likiwaka kijani.

Walipomfungua shati ili wamwoshe, walikikuta kile kidude cha duara kingali kimeng'ang'ania kifua cha Mzee Mwakajumba, upande wa kushoto, chini kidogo ya chuchu. Pembeni yake palisomeka 136 kwa 82, kipimo cha mwisho kabla moyo haujasimama. Kwa mzee wa miaka yake, hiyo ni presha ya kujivunia. Mwanawe mkubwa alikibandua, akakifunga kwenye leso, akatoka nacho hadi uani ambako Tusekile alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye vitu hivi," alimwambia, na hakuwa na haja ya kupandisha sauti, maana wote walinyamaza. "Tuambie basi. Baba alikuwa anafunga mlango wa zizi, akaanguka. Mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, hakusema tena hadi kukata roho. Bibi yangu angekwambia hiyo ni presha, na bibi yangu hakusoma. Sikio linasema alikuwa mzima. Nani mwongo hapa?"

"Nitalisikiliza, shemeji," Tusekile alisema.

Ilikuwa ahadi ya kumwondoa mtu machoni, kama zile tunazozitoa misibani halafu tukazisahau njiani. Lakini alipofika nyumbani na leso ile mkononi alijikuta anahesabu. Tangu mvua zianze, Mwakajumba alikuwa wa tatu. Wote watatu walikuwa wa rika la baba mkwe wake. Wote walianguka ghafla, na wote Sikio liliwapa kijani mpaka dakika ya mwisho. Mmoja ungemwita bahati mbaya, na wawili pia kwa kujikaza. Watatu walimnyima hamu ya kula.

*

Kituo cha Usikivu kilikuwa juu ya kilima, katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha chai, na hata sasa mvua ikinyesha kuta zake zilitoa harufu ya majani makavu. Tusekile alifika kabla ya wenzake. Alichomeka Sikio la marehemu kwenye meza, akavaa visikilizio, akafumba macho.

Moyo una maneno mawili tu, na huyarudia tangu tumboni mwa mama hadi kaburini. Neno la kwanza ni la milango ya ndani, inayojifunga moyo unapojikamua. La pili ni la mlango wa mshipa mkuu, pale damu iliyosukumwa nje inapotaka kurudi na kuukuta umefungwa. Presha ikiwa ya kawaida, mlango huo hufungwa kama mtu mstaarabu anavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Presha ikipanda, damu huurudia kwa kishindo, nao hubamizwa. Elimu yote ya Sikio ilisimama juu ya jambo hilo. Lilisikia mlango unavyofungwa, likapima muda kati ya neno la kwanza na la pili, likataja presha bila mkanda wala daktari, dakika baada ya dakika.

Na daktari angetoka wapi? Joto lilipowafukuza watu tambarare na nusu ya nchi ikapanda milimani, Rungwe yote ilibakiwa na madaktari wanne. Kwa hiyo kila nyumba ikapewa kisanduku ukutani, na kila kifua kikapewa Sikio. Sikio likisema presha imepanda, kisanduku hudondosha kidonge. Likisema uko salama, hata ukipige teke kisanduku, hakitoi kitu.

Moyo wa Mzee Mwakajumba ulimjia masikioni. Neno la kwanza, sawa. Neno la pili likagonga kama mlango wa lori la ng'ombe. Likagonga tena. Likaendelea kugonga vilevile kwa dakika arobaini zote zilizohifadhiwa, na chini yake, kwa utulivu wa kutia kichefuchefu, Sikio lilikuwa limeandika: 138. 136. 136. 137.

Tusekile alivua visikilizio. Muuguzi wa mwaka wa kwanza angelisikia jambo lile akiwa anasinzia. Sikio, ambalo lilishinda masikio ya mabingwa katika kila jaribio, limelisikia na kuliita amani. Nani alilifundisha hivyo?

Alifungua daftari la mafunzo. Sikio lilikuwa limefundishwa kwa jozi elfu thelathini. Kila jozi ilikuwa na sauti ya moyo iliyorekodiwa kifuani, na kando yake presha aliyoipima mtu kwa mkono, kwa mkanda na stetoskopu, dakika ileile. Wanaume wa zaidi ya miaka sabini katika jozi hizo walikuwa mia mbili na kumi na wawili tu. Wote ni wa Rungwe. Wote walipimwa mwezi mmoja, na msikilizaji mmoja. Alilisoma jina la msikilizaji mara mbili.

T. Mwalukasa. Tusekile Mwalukasa, ndiye yeye mwenyewe.

Akalikumbuka pazia.

Kwao, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, na akimwona anakuja njiani huingia migombani ampishe. Na si yeye peke yake: wanaume wa rika lake, waliokua pamoja na kujenga pamoja, nao ni wakwe vilevile. Desturi hii ilikuwa imelegea zamani, hadi ikawa ya kuchekwa. Watu waliporudi milimani ilirudi nao, kali kuliko ilivyoondoka, kama mambo yote ambayo watu huyakumbatia wakiwa wamepoteza mengine. Tusekile alikuwa na miaka ishirini na moja ya ndoa alipopewa kazi ya kuwapima wazee. Kuwakataa angefukuzwa kazi. Kuwashika angefukuzwa kwa mumewe. Basi akatundika pazia. Dereva wa Kituo, Anyitike, aliwafunga wazee mkanda upande ule, akawawekea kinasa sauti kifuani na stetoskopu kwenye kiwiko. Tusekile alikaa upande huu na mirija na pampu, anasikiliza mikono asiyoiona. Wazee walimsifu sana. Walisema mkwe wa Mwalukasa amesoma na bado ana adabu.

Alipampu hadi mia moja na sabini, akasikia kimya, akaachia taratibu, na sauti za damu zikaanza kwenye mia moja thelathini na kitu, namba inayoandikwa kuwa presha. Akaandika. Aliyefuata.

Mwalimu wake chuoni alikuwa amewapigia kelele mwaka mzima juu ya jambo moja: shika kifundo cha mkono kwanza. Pampu huku vidole viko kwenye mshipa, mpaka mapigo yapotee, halafu ongeza. Kwa sababu wako watu, hasa wazee, mishipa imekakamaa, ambao sauti zao huanza juu kabisa, zikazimika katikati, kimya kabisa, kisha zikarudi chini. Ukiishia kupampu kwenye kimya kile cha katikati utadhani umefika juu ya presha yote, kumbe umesimama ngazi ya kati na mgonjwa yuko darini. Masikio hudanganywa na kimya hicho. Vidole havidanganywi.

Yeye hakushika hata kifundo kimoja. Angeweza kumwambia Anyitike ashike. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: angeweza kumwambia, na hakumwambia, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na kila kitu kilionekana kinakwenda vizuri. Sikio likajifunza kwa utiifu kwamba mzee ambaye mlango wa moyo wake unabamizwa ana presha ya mia moja thelathini na nane. Na likawafundisha wenzake laki nne.

Tusekile alilia pale mezani mpaka aliposikia wenzake wanakung'uta miavuli mlangoni.

*

Jioni ile ile, jua bado halijaingia mawinguni, alichukua mkanda wa zamani kutoka kabati la makumbusho la Kituo na kwenda kwa wakwe zake. Mama mkwe, Bibi Subilaga, alikuwa anamenya ndizi za mbalaga barazani. Mzee Mwalukasa alikuwa nyuma yake, ndani ya kizingiti, kwenye kiti chake cha kukunja. Tusekile alipiga magoti pembeni, uso ameuelekeza migombani kama inavyopasa.

"Mama, mwambie baba nimekuja kumwomba mkono wake."

Bibi Subilaga aliacha kumenya. "Mkono wa kufanyia nini?"

"Wa kupimia presha. Kwa kuushika."

"Baba Lusajo," mama mkwe alimwambia mumewe bila kugeuka, ingawa mzee alikuwa hatua mbili tu na alisikia kila neno, "mkweo anataka kukushika mkono."

Sauti ya mzee ikatoka ndani: "Mwulize mama Bupe, Sikio limeharibika?"

"Anauliza—"

"Nimesikia, mama. Mwambie halijaharibika. Mwambie ninataka kuhakikisha tu." Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo, na ulitoka bila shida.

"Mwambie huyu binti," mzee alisema, "kwamba kila asubuhi kichwa kinanigonga kama kinu, na juzi pua imetoa damu hadi nikaharibu shati la kanisani. Sikio linaniambia ni mzima. Mimi nimenyamaza nisionekane mzee wa kulalamika."

"Na mimi hukuniambia!" Bibi Subilaga alisahau kwamba yeye ni mjumbe tu. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu. Mpe mtoto mkono. Mwakajumba alikuwa na adabu zake zote na yuko chini ya udongo."

Mkono ukatokeza nje ya kizingiti, mweusi, mkavu, na saa ya zamani iliyolegea. Katika miaka ishirini na minne ya ndoa Tusekile hakuwahi kuuona kwa karibu. Alishangaa kuona kwamba kucha zake zilikuwa na umbo lilelile la kucha za mumewe.

Aliweka vidole juu ya mshipa. Akapampu. Mia moja sabini, mapigo yapo. Mia mbili, yapo. Yalipotea mia mbili ishirini na sita. Alipachika stetoskopu, akaachia hewa kidogo kidogo. Sauti zilianza palepale juu, wazi, zikaendelea hadi mia moja tisini. Halafu zikazimika. Mshale uliteremka mia na themanini, mia na sabini, mia na hamsini, hakuna kitu, kimya kama kisima. Kwenye mia moja thelathini na nane zikarudi, taratibu, kana kwamba hazikwenda popote.

"Anasemaje?" mzee aliuliza.

"Mama, mwambie baba nitamletea dawa," Tusekile alisema, akakimbilia migombani kabla machozi hayajaonekana.

*

Nyumbani, binti yake Bupe alikuwa amelala ubavu kwenye kochi, miguu juu ya mito miwili. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza, mwaka juzi, kabla hajapata Sikio, iliharibika kwa degedege, kifafa cha mimba, katika mwezi wa nane. Mtoto alikufa, na yeye aliamka siku ya tatu hawakumbuki wazazi wake. Safari hii Sikio lilikuwa limeisikia presha mwezi wa nne, mapema, na kisanduku kilidondosha kidonge asubuhi, mchana na jioni. Kwa wanawake kama yeye Sikio halikukosea hata chembe. Waliopima wanawake waliwashika mikono.

"Mama, umelia?"

"Vitunguu."

"Hujaingia hata jikoni," Bupe alisema akicheka, na kisanduku ukutani kikabofya, kikadondosha kidonge chake cha jioni.

*

Msimamizi wa Kituo, Kandida Haule, alikuwa mwanamke wa Songea, mfupi, mwepesi wa ulimi, na watu walimwogopa kwa kuwa hakuwahi kusahau kitu. Alisoma ripoti ya Tusekile hadi mwisho, akairudisha mezani kifudifudi.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe."

"Basi. Dada Tuse, unaijua sheria kuliko mimi. Sikio likithibitika kuwa limefundishwa uongo, linazimwa. Halizimwi la wazee peke yao. Ni akili moja, iko katika vifua laki nne. Linazimwa lote, visanduku vinafungwa, na kulifundisha upya ni miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne hiyo nani atapima? Wewe, kwa mkanda ule wa makumbusho?"

"Tuwatoe wazee tu. Tuwabandue Masikio, tuwape dawa kwa mkono."

"Dawa ipi? Dawa imo ndani ya visanduku, na visanduku havimtii mtu. Tulivitengeneza hivyo kwa sababu watu walikuwa wanaiba." Kandida alisogea dirishani. Chini, kwenye njia ya matope, wanawake wawili walikuwa wanapanda kilima na matumbo yao, wanashikana mikono wasiteleze. "Wajawazito wenye presha nyanda zote hizi ni elfu sita. Binti yako ni mmoja. Unataka nikwambie wangapi watapata degedege visanduku vikifungwa?"

"Na wazee?"

"Sijui wazee wako wangapi. Nakuambia ukweli, sitaki kujua." Aligeuka kutoka dirishani. "Mimi baba yangu yuko Peramiho, ana miaka sabini na sita. Unadhani sikumfikiria nilipokuwa ninasoma? Nimemfikiria kila mstari."

Mvua ilianza kwenye mabati.

"Ukisaini ripoti hii," Kandida alisema, "mimi nitaipeleka leo leo. Sitakuzuia. Usije ukasema baadaye kwamba Kandida alinizuia. Usiposaini, funika kombe mwanaharamu apite, na sisi wawili tutakufa nalo." Alifungua droo, akatoa kopo jeupe na kuliweka juu ya ripoti. "Hivi ni vya dharura vya Kituo. Vinamtosha mtu mmoja mwaka mzima. Nilitaka kumpelekea baba. Mpelekee wako."

Tusekile alilitazama kopo, akaitazama kalamu. Alijua kwamba mtu mwema angefanya jambo fulani hapa, na alijitahidi kwa nguvu zake zote kulijua ni lipi. Kila alipomfikiria Mzee Mwalukasa na pua inayotoka damu, mkono ulikwenda kwenye kalamu. Kila alipomfikiria Bupe anaamka siku ya tatu, macho hayamjui mama yake, mkono ulirudi.

Liko jambo la tatu ambalo lilimpitia akilini, nalo alilisukuma haraka: kuwauliza wazee wenyewe. Kuwaweka chini na kuwaeleza, hivi ndivyo nilivyowakosea, na hii ndiyo bei ya kuwaponya, na huyu ndiye mjukuu wenu. Aliwajua. Wangesema, mwache mtoto azae. Wangesema wakicheka, wakaenda kujifia mmoja mmoja mazizini. Na yeye angelazimika kuishi akiwa ameomba.

Alichukua kopo. Ripoti ilibaki kifudifudi.

*

"Mama Bupe, baba anauliza, na wenzake nao wamepata?" Bibi Subilaga alisema, kopo likiwa mkononi mwake. Kutoka ndani ya kizingiti palisikika kiti kikilia. "Anasema rika lake halijawahi kula mmoja wengine wanatazama. Anasema kama ni ya kwake peke yake, uirudishe."

"Mwambie wamepata," Tusekile alisema akitazama migomba. "Mwambie wote wamepata."

"Amesikia." Kisha sauti ya maji yakimiminwa, na mzee akimeza.

Baada ya wiki mbili kichwa cha Mzee Mwalukasa kiliacha kugonga. Jumapili ya tatu alitembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi, na Bibi Subilaga, ambaye hakuumbwa kutunza furaha kifuani, alimsimulia kila aliyekutana naye kwamba mkwe wake amemshika mzee mkono na mzee amepona.

Mchana ule Tusekile alikuwa anaanika nguo za Bupe aliposikia vikohozi vya wanaume njiani. Alifanya alivyozoea: aliinamisha kichwa na kugeuka aingie migombani.

"Usikimbie, mwanangu!" sauti iliita. "Simama hapo hapo."

Walikuwa tisa, na wa kumi ni Mzee Mwalukasa mwenyewe, amevaa koti la kanisani. Aliyeita alikuwa Mzee Ambakisye Mwaipyana, mkubwa wa rika lao, aliyekuwa akitembelea fimbo mbili. Walijipanga uani kwa aibu kidogo, kama watu waliokuja kuposa. Bupe alijikokota kutoka ndani na tumbo lake, akawaletea benchi, nao wakambariki mmoja baada ya mwingine.

"Tumekaa tangu ibada iishe," Mzee Mwaipyana alisema. Hakupitisha maneno kwa mtu yeyote. Alimsemesha yeye mwenyewe, na hilo peke yake liliwatikisa wote. "Tumeulizana, heshima gani hii inayomzuia mtoto asitushike? Mwakajumba tumemzika nayo. Mwalukasa ameiacha, angalia alivyonawiri. Tumekubaliana. Kuanzia leo wewe ni binti yetu, hakuna pazia. Tunajua Masikio haya uliyafundisha wewe, na tunayaamini. Lakini mkono wa mtu ni mkono wa mtu. Tushike na sisi, utuambie."

Akakaa kwenye benchi, akakunja mkono wa shati hadi begani, akaunyosha.

Tusekile aliingia ndani kuchukua mkanda. Alisimama chumbani kwa muda, paji la uso ukutani, hadi akasikia Bupe anamwita. Akatoka. Alipiga magoti mbele ya Mzee Mwaipyana, akamfunga mkanda, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wake. Mkono ulikuwa wa moto, na ngozi yake laini kuliko alivyodhani.

Akapampu. Mia moja sabini. Mia mbili. Mia mbili na kumi. Mapigo yalikuja chini ya vidole vyake moja moja, yenye nguvu, hayana haraka. Yalipotea kwenye mia mbili na ishirini.

Hakuweka stetoskopu. Aliachia hewa yote kwa mara moja, na mkanda ukanywea.

"Vipi, mwanangu?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Tusekile aliinua macho na kumtazama mkwe usoni. Yalikuwa macho ya mzee mchangamfu, yenye ukungu pembeni, yanayosubiri. Nyuma yake Bupe alikuwa ameegemea mlango, mkono mmoja chini ya tumbo, anatabasamu.

"Sikio limesema kweli, baba," alisema. "Uko salama."

"Ndaga fijo, binti yangu," mzee alishukuru, akashusha mkono wa shati, akasimama kwa fimbo zake ampishe mwenzake, ambaye alikuwa ameshakunja wa kwake.